Mwaka wa Kaseti ya Nduku

Taabu ilinikamata nguo mwaka wa 1989, nikiwa na miaka kumi na tisa. Nasema nguo kwa sababu nilikuwa na rinda moja tu la kutokea mbele za watu, la buluu, na ndilo nililovaa nikiingia soko la Kikima kutafuta kazi. Habari za nilikozaliwa na aliyenizaa siziandiki hapa. Hazikunisaidia wakati ule na hazitamsaidia anayesoma. Shule niliiacha darasa la nne. Nilipofika hiyo kumi na tisa mvua ilikuwa imekataa, nyumbani tulikunywa uji asubuhi, na jioni tukapiga hadithi badala ya kula, nami nikaona heri nipunguze mdomo mmoja. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenisindikiza.

Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu mwezi uliopita tulimzika rafiki yangu Nduku huko Matinyani, na miguu yangu bado imevimba. Siku hizi nikisimama sana navimba, nikikaa sana nakauka, kwa hivyo hakuna raha upande wowote. Baada ya mazishi, mwanawe Kioko alikuja kwangu na sanduku la kadibodi kwapani. Kioko ni mtu mzima, ana kipara na watoto wa sekondari, lakini ananiita Mama vile mama yake alimfundisha, na akiingia kwangu huenda kwanza jikoni kufunua sufuria. Alitoa ndani ya sanduku mashine nyeusi, bapa kama Biblia kubwa iliyolazwa, akaiweka chini ya televisheni yangu bila kuniuliza.

"Mama, hii inarekodi televisheni yenyewe. Ukiwa kanisani, inarekodi. Ukilala, inarekodi. Ukirudi unaangalia."

"Na ikijaa?"

"Haijai."

"Kila kitu hujaa, Kioko."

"Hii ina diski kubwa sana ndani. Ungerekodi mpaka uzeeke, haijai."

"Nimezeeka tayari. Sema kingine."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Vijana wanapenda kukuletea kitu ambacho hukuomba, halafu wanasimama hapo wakingoja ushangae. Mimi sikushangaa, nilisikia uchovu tu, ule unaoanzia mabegani. Hakujua alichokuwa ameniambia. Mtu anakuja na kukuambia kuna chombo ambacho hakikulazimishi kufuta kitu, na wewe mwaka mzima wa ujana wako uliumaliza ukifuta. Kufuta ndiko kulikuwa kazi yangu. Nililipwa kwa hiyo.

Aliyenipa kazi alikuwa Mulwa, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na kwa ninavyojua mimi ndiye peke yake pale sokoni aliyekuwa na deki ya video, televisheni ya rangi, na kamera kubwa ya kubeba begani. Chumba chake cha video kilikuwa nyuma ya duka lake la vifaa vya ujenzi, kikanuka simenti, misumari na soksi za watu. Benchi zilikuwa mbao zilizowekwa juu ya mawe ya kujengea. Madirisha alikuwa ameyaziba na magunia ya mbolea aliyoyapaka rangi nyeusi, na bado jua lilipenya kwenye matundu likaweka vidoadoa juu ya uso wa televisheni, kwa hivyo kila mtu mle ndani ya picha alionekana kama ana ndui. Jenereta lilikuwa nje, nyuma ya choo, na likikohoa picha ilijikunja katikati na watu wote waliokuwa wamelipa wakasema "Aii!" kwa pamoja. Mimi niliajiriwa kufagia na kuuza chai na mandazi. Lakini Mulwa alikuwa akiitwa huku na huku na kamera yake, leo harusi, kesho harambee, na mtu wa kubaki na deki hakupatikana. Alinionyesha mara moja. Hakuna aliyenionyesha mara ya pili. Kufikia Machi nilikuwa nikiifungua na kuisafisha kichwa kwa pamba na spiriti, na vijana waliofika kidato cha nne walikuwa wananiita niwawekee picha.

Sasa, kaseti tupu zilitoka Nairobi na Mulwa hakupenda kuzinunua. Alikuwa na chache tu, zimepangwa kwenye rafu juu ya mifuko ya simenti, na alizizungusha. Harusi ya leo iliwekwa juu ya mazishi ya mwezi jana, na mpira ukawekwa juu ya harusi. "Mbithe," angesema akivaa viatu, "leo futa kwaya." Au, "Futa ile ya mwalimu, hajarudi kuitazama." Watu walidhani kitu kikishaingia kwenye kaseti kimekaa humo maisha. Alikuja mama mmoja kutoka upande wa bonde, ametembea asubuhi yote na kuku mkononi wa kulipia, ili amtazame mtoto wake akivishwa pete. Nikaweka kaseti. Tukaona mpira. Yule mama akatazama mpira mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, halafu akaniuliza, "Sasa yeye atatokea saa ngapi?" Sikumwambia. Mulwa ndiye alimwambia, na kuku akamrudishia, hilo nitamsifu.

Nduku alikuwa mhudumu kwenye hoteli ya chai iliyopakana nasi, ukuta mmoja. Alinizidi miaka miwili au mitatu. Alikuwa na Kioko mgongoni, mtoto mzito kama debe, na alihudumia meza hivyo hivyo, wateja wakimvuta mtoto vidole vya miguu. Jioni hoteli ikifungwa alinikwangulia sufuria ya muthokoi, ile ya chini iliyoshika, mahindi na maharagwe yameungua kidogo, na tukala pamoja kwa mikono tukiwa tumekaa juu ya kreti za soda. Nimekula nyama za kila aina tangu wakati huo, nimekula mahotelini kwenye vitambaa vyeupe, na chakula kitamu kuliko ule ukoko sijakipata. Labda ni njaa. Njaa ndiyo iliyokuwa tamu.

Baba wa mtoto alikuwa Musembi, dereva wa lori la mizigo, mtu wa Matinyani, mrefu, mwenye kicheko cha kuanzia tumboni. Mwezi wa Aprili alisema hawezi kuendelea kula muthokoi wa mtu ambaye hajamwoa, akaleta watu wake nyumbani kwa babake Nduku kwa ntheo. Kwetu Wakamba, unaweza kuvaa pete mpaka kidole kianguke, unaweza kuzaa watoto wajaze nyumba. Kama mbuzi wa ntheo hajachinjwa kwa baba wa msichana na watu wa pande zote mbili wakamla, huyo si mke. Akifa, wazazi wake wanamchukua. Mume akifa, anafunga nguo zake na kuondoka. Basi Musembi akapakia mbuzi kutoka zizi la mama yake, akaja na mjomba wake Ngui awe msemaji, na kwa vile alikuwa na kiburi cha dereva, akamkodi Mulwa na kamera.

Mimi nilibaki na deki kwa sababu ilikuwa siku ya soko. Lakini Mulwa aliporudi tuliitazama hiyo kaseti sisi wanne, Musembi na Nduku wamekaa benchi ya mbele wakila mandazi kama watu wa sinema. Mulwa alikuwa amepiga picha kila kitu kilichong'aa. Alipiga kreti za soda. Alipiga viatu vya wageni. Alipiga pikapu mpya ya mgeni fulani, akaizunguka yote, taa, matairi, akarudi mbele tena. Sauti ilikuwa upepo na pumzi ya Mulwa mwenyewe.

"Mulwa," Nduku akauliza, "na mbuzi?"

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wetu! Wakichinjwa!"

"Hapo nilizima nipumzishe kaseti. Wewe Nduku, mbuzi si utawaona kesho hapo barabarani? Mbuzi nani hamjui? Ile gari utaiona lini tena?"

Musembi alicheka mpaka mandazi yakamkaba. Tukacheka wote. Sikuwa nimewahi kucheka hivyo mwaka ule, na baadaye nilikuja kukilipia kile kicheko kwa mwili mzima. Musembi hakuwa na deki, kwa hivyo kaseti ikabaki kwenye rafu yetu, na kila alipopita na lori alisimama, akanunua chai, akasema, "Mbithe, hebu niwekee ile gari ya Mulwa."

Nduku alihamia Matinyani kwa mama mkwe wake, Katunge. Hoteli iliweka mhudumu mwingine, msichana ambaye hakukwangua sufuria, aliiloweka. Nilikonda. Mvua za mwisho wa mwaka zilipokaribia, Musembi alipata ajali kwenye barabara kuu karibu na Malili, akafa hapo hapo. Habari ililetwa na makanga wa lori lingine, ambaye aliagiza chai kwanza ndipo akasema. Nilimwonea hasira kwa ile chai. Leo simwonei. Mtu aliyebeba neno kama hilo njia yote lazima aweke kitu tumboni.

Siku mbili baadaye Nduku akatokea mlangoni, Kioko mgongoni, vumbi mpaka kope. Hakulia. Alikaa juu ya kreti ile ile akasema, "Wanataka kunirudisha nyumbani."

"Nani?"

"Ngui. Amewaambia wazee wa ukoo sikuolewa. Anasema siku ile walikuja kusalimia tu, baba akawaambia siku ya ntheo haijafika, yeye akaondoka na mbuzi akawauza sokoni Kitui. Anasema Musembi aliona haya kumwambia mama yake."

"Lakini mama yake si anajua?"

"Hakuwa hapo. Mguu ulikuwa unamsumbua. Na Ngui ni ndugu yake wa tumbo moja, ni mzee wa kanisa. Mimi ni nani?"

"Baba yako atasema."

"Wanasema baba yangu ni lazima aseme hivyo. Watu wote wa kwetu ni lazima waseme hivyo. Na wa kwao waliokuja ni Ngui na vijana wake wawili." Alimshusha mtoto, akamkalisha sakafuni kwenye vumbi la simenti. "Ni kile kipande cha shamba karibu na mto, Mbithe. Musembi alikuwa amechimba kisima. Ngui anakitaka. Tunazika Jumamosi, na wamesema siku hiyo nisikanyage kaburini kama mke. Mtoto abaki, mimi niende. Au twende sisi wote. Hawajaamua."

Yule mtoto alikuwa anakula simenti. Nikamfuta mdomo. Nilikuwa nikifikiria rafu.

Nilifikiria rafu kwa sababu asubuhi ile ile Mulwa alikuwa ameniambia, akifunga mkanda, "Kuna harusi kubwa Malili wiki ijayo. Futa ya Musembi, marehemu hawezi kuja kuitazama." Alisema hivyo bila ubaya. Ndivyo alivyozungusha kaseti, na wafu ndio waliotangulia kufutwa, maana hawalalamiki. Nikaingia ndani nikaichukua. Pembeni mwa kila kaseti kuna kijino kidogo cha plastiki, na Mulwa mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba ukikivunja, mashine inakataa kurekodi juu yake. Hakuwahi kuvunja hata kimoja. Nilikivunja kwa kisu cha mkate.

Mulwa aliporudi akaiona mkononi mwangu. Hakupiga kelele, na sauti yake ilikuwa nyembamba hata akiwa amekasirika. Akachukua selotepu kwenye droo, maana selotepu ukiibandika pale kwenye tundu, mashine inadanganyika na inarekodi tena.

"Unadhani nani alikufundisha hiyo?"

"Ni wewe."

"Basi leta."

"Siwezi kuileta." Nilikuwa nimeshaitia ndani ya rinda, kifuani, na pembe zake zilikuwa zinanichoma. "Nifukuze kama unataka. Lakini hii ndiyo ndoa ya Nduku. Ukiweka harusi ya Malili juu yake, unawaozesha wale na unawaachanisha hawa."

Nduku alikuwa amesimama mlangoni. Mulwa alimtazama, akamtazama na mtoto aliyekuwa mweupe kwa simenti. Akabandika selotepu kwenye kidole chake mwenyewe, akaibandua, akaibandika. "Sawa," akasema. "Chukua. Mshahara wako wa mwezi huu ndio huo umeubeba kifuani."

Nilisema asante. Halafu nikamwambia kaseti bila deki ni kipande cha plastiki, kwa hivyo atupeleke Matinyani, yeye na deki na televisheni na jenereta. Hapo nilidhani atanipiga. Lakini nilijua udhaifu wake. "Wazee wa ukoo mzima wataitazama," nikasema. "Wataona kazi yako." Mulwa akanyoosha kola.

Tulifika Matinyani Ijumaa mchana, vifaa vimefungwa kwa mablanketi nyuma ya pikapu ya kukodi. Nyumba ya Katunge ilikuwa ya matofali, vyumba viwili, na tulitundika yale mablanketi madirishani. Ndani palikuwa na joto la jiko la mkate. Wazee walikaa kwenye viti vya kanisa vilivyoazimwa, wanawake sakafuni miguu wameinyoosha, na Ngui alikaa karibu na mlango, kofia juu ya goti, kama mtu mwenye safari nyingine baada ya hapa. Katunge alikaa ameipa televisheni mgongo. Alisema hawezi kumtazama mtoto wake akitembea na huku amelala mochari Kitui. Mama huyo hakuwa amelia tangu habari ifike, wanawake walininong'oneza. Alikuwa anapanga tu. Alihesabu vikombe, akavipanga, akavipangua.

Niliwasha. Zikaja soda.

"Hizi soda ni nyingi," mzee mmoja akasema.

"Kazi safi, picha haitikisiki," Mulwa akasema.

Akaja Ngui ndani ya picha, amesimama, anaongea, mkono juu, upepo umemeza maneno yote. Watu wakageuka kumtazama Ngui wa mlangoni. "Huyo ni mimi, sikatai," akasema. "Nilikwenda kusalimia. Sasa mtu akisalimia ameoa?"

Wakacheka. Hata mimi nilikaribia, alikuwa anajua kuongea. Mzee aliyekuwa katikati, aliyeongoza kikao, hakucheka. Alimgeukia Nduku, na sauti yake haikuwa mbaya. "Mwaitu, sikia." Alimwita mama kwa heshima ingawa angeweza kumzaa. "Ntheo ni mbuzi achinjwe. Hapa tunaona soda. Tunaona viatu. Damu iko wapi?"

"Wazee, hapo kaseti ilikuwa fupi," Mulwa akasema.

"Ilikuwa ndefu ya kutosha hiyo gari," mzee akajibu, maana pikapu ilikuwa imefika, na Mulwa alikuwa ameanza kuizunguka. Taa. Matairi. Nimeizunguka ile gari mara nyingi maishani mwangu lakini siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Mombasa. Nilimwona Nduku ameinamisha kichwa na anamfunga Kioko mgongoni polepole, akikaza leso kama mtu anayejiandaa kuondoka. Mulwa alikuwa amejishika mdomo. Alikuwa ameelewa. Mtu aliyekuwa na kamera pekee pale akazima pale pale palipokuwa na ndoa, kwa sababu mbuzi ni mbuzi tu na sisi tunawaona kila siku.

Na ndani ya ile picha, nyuma ya kamera, mahali pasipoonekana, Musembi akacheka. Kile kicheko cha tumboni. Katunge aligeuka kabla hajajizuia.

Alitazama. Halafu akaniambia, "Rudisha."

Nikarudisha. Gari ikarudi nyuma, magurudumu yakazunguka kinyume.

"Simamisha hapo."

Deki ile ukiisimamisha picha ilitetemeka. Katunge akainuka kwa ule mguu wake mbaya, akapita juu ya miguu ya wanawake, akaweka kidole kwenye kioo. Si kwenye gari. Nyuma yake, kwenye ua wa miti wa babake Nduku, palikuwa na ngozi imewambwa ikauke.

"Hiyo ngozi," akasema.

"Ngozi ni ngozi, dada yangu," Ngui akasema kutoka mlangoni.

"Kwako ni ngozi. Huyu nilimlea kwa chupa ya soda, mama yake alipokufa na ukame. Ona miguu ya mbele, soksi nyeupe. Ona ubavuni, hapa, doa kama mtu ameweka pasi." Kidole chake kilifuata lile doa ndani ya picha inayotetemeka. "Aprili ile uliniambia huyu mmoja umemuuza Kitui, kwa watu wazuri. Uliniambia yuko hai. Ngui, kila siku ya soko mimi huenda kule upande wa mbuzi kumtafuta. Kila siku ya soko. Na mguu huu."

Jenereta lilikuwa linanguruma nje. Yule mama akakaa chini palepale mbele ya televisheni, akalia, na tuliokuwa mle ndani hatukujua analilia mbuzi au mtoto, nafikiri hata yeye hakujua, uchungu ulitoka wote pamoja.

Mzee wa katikati alingoja mpaka Katunge alipopumua. Halafu akasema, "Ngui. Ulikula?"

Ngui alichukua kofia gotini, akaitazama ndani. "Nilionja," akasema.

"Basi umeonja ndoa," mzee akasema, na akainuka, na kikao kikaisha hivyo, bila maombi ya kufunga, jambo ambalo kule kwetu si la kawaida.

Jumamosi Nduku alitia mchanga kaburini akiwa wa kwanza baada ya mama mkwe. Shamba la mtoni lilibaki lake, na kisima. Watu wanaposimulia habari hii husema tulishinda, nami huwaacha waseme. Lakini nilikuwa pale, na sikuona mshindi. Niliona mwanamke kijana akirudi kwenye nyumba isiyo na mume, kuishi na mwanamke mzee asiye na mtoto, na Ngui, jirani ambaye hakuwasalimia tena. Waliishi hivyo miaka mingi. Ushindi ukiutazama kwa karibu ni kazi nyingine tu ya kufanya kesho yake. Ngui hakuomba msamaha mpaka alipozikwa, na kwenye mazishi yake nilikula vizuri.

Tulipofika Kikima Mulwa aliniambia, "Mbuzi. Sasa nitapiga mbuzi." Na alipiga. Kuanzia siku hiyo hakuna sherehe aliyokwenda bila kurudi na mbuzi wa kutosha, wakiwa hai, wakiwa nusu, wakiwa kwenye moto, mpaka maharusi wakalalamika hawajioni. Desemba jenereta lilikufa kabisa, akafunga chumba akarudia kuuza simenti, na kwa vile hakuwa na la kunilipa akanipa deki yenye kichwa kilichochoka. Niliisafisha kwa pamba na spiriti. Nikaanzia hapo, kwenye kibanda cha mabati, nikiwa na kaseti moja ambayo sikuruhusu mtu aiguse. Mengine yote niliyo nayo yalitoka hapo, na sikusaidiwa na mtu.

Nduku alikuwa akija. Akishauza mayai Kikima alipita kwangu, nikafunga mlango wa duka, nikamwekea. Hakutazama soda wala gari. Alikaa na kikombe mkononi akingoja kile kicheko, kikishapita alisema, "Haya, zima," na tukala muthokoi. Baadaye deki ikakata mkanda wake wa ndani, vipuri havikupatikana, na tukawa tunakula tu.

Kioko alipomaliza kucheka ile siku ya sanduku, nilimpeleka chumbani nikamwonyesha deki ya zamani chini ya kitanda, na kaseti ndani ya bati la biskuti. Alikaa chini kwenye zulia na bisibisi mchana wote. Mkanda wa ndani alitengeneza kwa kitu cha mpira alichokata, sijui nini, alisema nisiulize. Akaunga waya kutoka mashine ya zamani kwenda mashine mpya, akasema kaseti itapita mara moja kutoka hii kwenda ile, na ikishaingia kwenye diski haitaoza tena. Nikaleta chai. Soda zikaja, zimefifia kama zimeoshwa sana. Viatu. Baba yake hakupigwa vizuri mahali popote, nilimwonya. Anapita mara moja kando ya picha, shati jeupe, anageuza uso, na Mulwa anahamisha kamera kwenye gari. Kioko hakuwa na picha nyingine yake akiwa anatembea. Halafu kile kicheko, bila mtu.

Alirudia. Akarudia tena. Mashine mpya ikisimamisha picha haitetemeki, inasimama kama jiwe, na ile ngozi ilionekana kwenye ua, soksi zake nyeupe, imetulia.

Mwisho wa kaseti, ntheo ilipokwisha, ilitokea ghafla kwaya iliyokuwa imerekodiwa hapo kabla, midomo wazi, katikati ya wimbo. Kioko akanyoosha mkono kwenye rimoti. "Hii nikate, Mama?"

"Usikate kitu. Si ulisema haijai?"

Akaacha waimbe. Baadaye alinionyesha kwenye televisheni mstari mrefu wa kijivu ambao ndio nafasi ya diski, na mwanzoni kabisa, upande wa kushoto, uzi wa buluu ambao huwezi kuuona bila miwani. "Hiyo ndiyo yote," akasema. Watu wale wote, na gari.

Nilicho nacho leo ni hiki. Duka la vifaa vya umeme Kikima, langu, bila mshirika. Nyumba ya mawe yenye vyumba vinne na tangi la maji. Shamba la kahawa kidogo na la maparachichi kubwa kidogo. Ng'ombe wawili wa maziwa na mbuzi ambao siwahesabu mbele ya watu. Miguu inayovimba. Mtoto mmoja niliyeachiwa, mwenye kipara. Mashine nyeusi isiyojaa. Na kaseti moja, kijino chake kimevunjwa.